Uyoga Uliochafua Barua

Mpapura,
Jumapili, 12 Januari 2025

Wifi yangu Nasra,

Shikamoo. Pole sana na uzazi. Rajabu wa bodaboda ametuambia kwamba mtoto ananyonya vizuri na kwamba mshono wako unaanza kukauka. Alhamdulillahi. Mdogo wako Jafari bado yuko Msimbati kwenye kibarua cha ulinzi, anakusalimu.

Nimeona nikuandikie barua kwa sababu simu yangu kwako haiingii tangu Idd. Sikulaumu. Ile picha niliiweka kwenye kundi la ukoo kwa furaha tu. Sikujua kwamba kuandika "mimi na mama yangu" kungekuudhi. Kwetu mama wa mume ni mama, hatuna neno jingine.

Sababu ya barua ni uyoga. Baada ya mvua ya Jumatano umeota kwenye nyasi karibu na mikorosho, pale wanapolala mbuzi. Ni mweupe, kofia ni pana kama kisahani, katikati ina magamba ya kahawia, na shina lina pete. Mimi ni mtu wa mchanga na minazi, uyoga nilikuwa naula tukienda kwa bibi yangu ng'ambo ya Ruvuma, na huu kule sijauona. Nimempelekea Mama. Ameushika, ameuzungusha mkononi, ameunusa, kisha akaniuliza mzizi uko wapi. Nilikuwa nimeukata kwa kisu. Akasema, "Mpelekee Nasra. Uyoga nilimfundisha yeye. Alikuwa na miaka saba na alikuwa hakosei hata mmoja."

Kwa hiyo nakuletea kofia tatu ndani ya kikapu. Nimezilaza juu ya karatasi hii hii ili zisivunjike. Tuambie kama ni wa kuliwa. Mama ana hamu ya uyoga wa nazi, tangu mvua zianze anautaja kila siku. Rajabu anakuja mjini Jumatatu na Alhamisi. Ukijibu Alhamisi nitachuma mwingine, maana kila mvua ikinyesha unaota.

Kikapu ni kile cha Mama. Naomba umpe Rajabu akirudishe.

Wako,
Nuru


Magomeni, Mtwara,
Alhamisi, 16 Januari 2025

Lucinda,

Marahaba.

Nakuita Lucinda kwa sababu ndilo jina ulilokuja nalo. Hilo la Nuru ulipewa siku uliposilimu ili uolewe na Jafari, na siku hiyo mimi sikuulizwa lolote.

Barua yako imefika imechafuka. Juu ya maandishi kuna madoa ya duara, ya kijani, utadhani ulifungia mchicha. Mtu akimwandikia mzazi huchagua karatasi safi. Lakini sishangai.

Nikuulize jambo. Mimi nimezaa tarehe 28 Desemba, tena kwa upasuaji. Nani ananikanda maji ya moto? Nani ananipikia uji? Jirani. Mama Odete, mwanamke anayeuza mboga sokoni, ambaye sina udugu naye hata wa kuokota. Hapa Magomeni kila binti akizaa mama yake anakuja na kibegi chake, anakaa mpaka arobaini. Mwenzangu wa nyumba ya tatu alikuja kuangaliwa na mama kutoka Tunduru, na yule bibi anatembea kwa mkongojo! Wangu mimi yuko Mpapura, mwendo wa asubuhi moja tu, anasubiri apikiwe uyoga na wewe. Nimemtuma Rajabu mara mbili aulize Mama anakuja lini. Mara mbili nimeletewa neno moja: "Mama anasema bado." Sauti hiyo siyo ya Mama, Lucinda. Hiyo ni sauti ya mtu aliyemshikilia.

Na kikapu. Umeandika "kile cha Mama" kana kwamba mimi sikijui. Nimekijua kabla hujajua njia ya kuja Mpapura. Mama akikibeba, watu walikuwa wanatoka majumbani na nyungo zao za uyoga wamuulize huu je, na huu je, na mimi nimesimama pembeni yake. Aliniahidi kwamba nikiwa na nyumba yangu kitakuwa changu. Leo nakiona kinaletwa kwangu kama mzigo wa kuazimwa, na natakiwa nikirudishe.

Sasa uyoga. Unadhani sijui mnachofanya? Mama alikuwa anautambua uyoga akiwa amesimama mlangoni na uyoga uko uwanjani. Leo ashindwe mpaka aniulize mimi? Mama anaujua. Angekuwa na mashaka angeutupa hapo hapo na usingefika Magomeni. Ni wewe uliyetaka kunijaribu, nikishindwa ukacheke na mashoga zako kisimani kwamba binti wa Bi Riziki hajui kitu.

Basi sijashindwa. Ni wa kuliwa. Tumeula sana utotoni, ulikuwa unaota kule kwa marehemu mzee Nassoro. Hizo kofia zako nimezipika Jumatatu kwa nazi, nimekula zote, mtoto kanyonya kalala, na leo ni Alhamisi nakuandikia nikiwa mzima wa afya.

Mpikie mama yangu ale. Usizidishe chumvi.

Kikapu kimebaki huku.

Nasra binti Salumu


Magomeni,
Ijumaa, 17 Januari 2025, saa nne asubuhi

Nuru,

Usiupike. Kama umeshaupika, mwaga. Kama Mama amekula, mpeleke zahanati sasa hivi, barua hii utaimalizia njiani.

Nilidanganya. Sikuupika. Zile kofia tatu nilizitazama Jumatatu nzima, nikaogopa, nikazitupa jalalani. Niliogopa kuutia mdomoni mwangu, halafu nikakuandikia umpikie Mama. Sijui nikueleze nini zaidi ya hapo.

Mama Odete amekuja kumwogesha mtoto. Barua yako ilikuwa juu ya kabati. Ameitazama akaniuliza, "Nani kakuletea uyoga mbaya?" Nikamwambia hiyo ni karatasi, hakuna uyoga hapo. Akasema, "Mwenyewe kashaondoka, alama yake kaiacha. Huyu anatapisha vibaya sana, mwanangu. Mtoto na mzee anaweza kuwaua." Akanionyesha. Kofia ukiilaza kwenye karatasi inamwaga unga wake, na uyoga huu unga wake ni wa kijani. Ule wa kichuguu tunaokula unga wake unaelekea waridi. Madoa niliyokutukania ndiyo yalikuwa jibu lenyewe, yalifika Jumatatu, na mimi nikayaita uchafu.

Nimekufungulia namba. Nimekupigia mara kumi na tisa. Nimempigia Jafari, nimempigia mwenyekiti, hakuna anayepatikana. Rajabu yuko hapa, alileta abiria, anasema mnara wa huko umezima tangu juzi. Amekubali kugeuza pikipiki sasa hivi. Nimemwambia kwa mdomo pia, lakini naandika asije akapunguza neno. Ningepanda mwenyewe, mshono ndio unanikataza.

Nijibu neno moja tu. Mama mzima?

Nasra


Mpapura,
Jumatatu, 20 Januari 2025

Mwanangu Nasra,

Anayeandika ni Nuru, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike kila ninachokisema, hata kile kinachomuuma yeye.

Mimi ni mzima. Rajabu nadhani alishakuambia tangu Ijumaa. Sijala uyoga. Aliyekula ni huyu wifi yako. Alhamisi adhuhuri, Rajabu alipoleta barua yako, wifi yako alienda kuchuma mwingine, akapika kwa nazi mpaka nyumba nzima inanukia, wananiambia, maana pua yangu tangu mafua yale siyo ile. Sikumuuliza hata ulijibu nini, nikakaa mkao wa kula. Yeye akajipakulia kidogo kwenye kibakuli, akala, akaniambia mimi nisubiri mpaka kesho. Eti ndivyo alivyolelewa kwa bibi yake, uyoga mgeni aliyeuchuma huula peke yake kwanza, usiku ukipita salama ndipo wenzake wanakula. Nikanuna. Nikamwambia ananinyima.

Jua halijazama akaanza kutapika. Nasra, ametapika! Nilimshika kichwa, nikawa namsikia anavyotetemeka na sina la kufanya zaidi ya kumwita Mungu. Wanawake wa jirani walimbeba zahanati wakamtundikia maji. Amerudi Jumamosi, anatembea kwa kushika ukuta.

Nilimuuliza, kwani Nasra alijibuje? Akaniambia kwamba ulimwandikia autupe, naye akakaidi kwa sababu alijiona anaujua. Nikamgombeza mbele ya wanawake wote waliokuja kumpa pole. Nikamwambia, Nasra hakosei. Nasra alikuwa na miaka saba hakosei. Wewe umetoka kwenye mchanga wa Msimbati, ni nani wa kubishana naye?

Kikapu kikae huko huko kwako. Nilikuahidi, na nilifanya vibaya kumpa mtu mwingine. Wewe ndiye mwanangu unayejua.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako,
Riziki


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya barua hiyo)

Wifi Nasra,

Hii Mama hajui kama ipo. Nimemaliza kuandika maneno yake nikasema naenda kutafuta bahasha.

Barua yako ya Alhamisi nimeichoma. Ya Ijumaa nimeificha. Mama nimemwambia uliandika nitupe, kama ulivyosikia mwenyewe. Usinishukuru, sikufanya kwa ajili yako. Siku ile ninatapika nilikuwa nakulaani kwa Kimakonde, lugha ambayo laana zake ni ndefu. Nimefanya kwa ajili yake. Yeye anajua mambo ya porini ambayo hayakuandikwa popote, na kila siku anajifariji kwamba amemwachia mtoto wake. Nikimwambia hakumwachia mtu, atabaki na nini?

Jambo la pili. Nimeapa mbele yake nisikuambie, na leo navunja kiapo. Mama haoni. Ni mtoto wa jicho. Jicho la kulia limekwisha tangu mvua za mwaka jana, la kushoto linaona mwanga wa mlango tu. Ndiyo sababu aliuzungusha uyoga mkononi, ndiyo sababu aliuliza mzizi. Kama nisingeukata, vidole vyake vingejua.

Na ndiyo sababu hakuja kwako. Sikumshikilia. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu Novemba. Ulipojifungua akalifungua mwenyewe akatoa kanga moja moja. Anaogopa kumshika mtoto akamwangusha. Anaogopa umwone akipapasa kikombe mezani. Ile picha ya mtoto uliyompa Rajabu analala nayo, na kila asubuhi ananiomba nimweleze pua ikoje. Nimemweleza pua hiyo mara nyingi mpaka sasa naongeza chumvi.

Usimwambie kuhusu uyoga. Kaa na kikapu. Mimi kugombezwa nimezoea, nitapona.

Halafu kitu kidogo. Ijumaa uliniita Nuru. Nilikuwa nimelala zahanati na dripu mkononi, lakini niliona.

Nuru


Magomeni,
Alhamisi, 23 Januari 2025

Nuru,

Barua iliyo chini ni ya Mama. Msomee wewe. Usiruke mstari na usilainishe neno. Sasa nakujua, una mkono mwepesi wa kuchoma karatasi za watu.

*

Mama,

Shikamoo. Anayekusomea ni Nuru, na pengine sauti yake itakwama mahali. Mwambie aendelee.

Nuru hakukaidi. Mimi sikumwandikia autupe. Nilimwandikia kwamba uyoga ule ni wa kuliwa, kwamba nimeula, na kwamba akupikie. Sikuula hata kipande. Niliutupa jalalani kwa woga, kisha nikakutumia wewe. Yeye alikuficha hilo ili usiumie, na wewe ukamgombeza mbele za watu kwa kosa langu, na mimi nikasoma barua hiyo ambayo ilibidi aiandike kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nikuambie lililo nyuma ya hilo, maana nimelibeba tangu nina miaka saba. Mama, mimi sijui uyoga. Sijui hata mmoja. Tulipokuwa tunaenda porini ukaokota ukaniuliza, "Huu je, Nasra?", mimi sikuwa nautazama uyoga. Nilikuwa nakutazama wewe usoni. Ukiwa wa kuliwa, kona ya mdomo wako ilipanda kidogo kabla hujauliza. Ukiwa wa sumu, ulikuwa unakunja pua. Nikajibu, ukanisifu kwa watu, na sifa ile ilikuwa tamu kuliko uyoga. Kila nilipotaka kukuambia ukweli ulikuwa umeshanisifu tena.

Nuru aliponiletea zile kofia nilifanya kama nilivyozoea. Sikuwa na uso wako, nikaubuni. Nikasema, Mama ameuona, Mama ameuachia uje mpaka huku, basi mdomo wake umepanda. Sikujua kwamba huoni. Ameniambia Nuru. Usimgombeze kwa hilo, mimi ndiye niliyekuwa namtukana kwamba amekushikilia, angenyamaza mpaka lini?

Ni wivu, Mama. Sina jina jingine la kuupa. Nimemwonea wivu tangu siku ulipompa kikapu akachumie mboga. Nimemwonea wivu kwa picha ya simu. Na nikuambie kitu cha aibu zaidi. Barua yako ilipofika, mahali uliposema ulimshika kichwa akitapika, nilisoma nikaona wivu kwanza. Yeye nilimtilia sumu kwenye sahani, na mimi nikawa nasema moyoni, nilipopasuliwa mimi nani alinishika kichwa? Aibu ilikuja baadaye. Hata sasa haujaisha wote. Nakuambia ili ujue una mtoto wa namna gani.

Kikapu nampa Rajabu leo. Ni cha Nuru, na safari hii usikirudishe tena kwangu.

Arobaini yangu inaisha tarehe sita Februari. Nitakuja na mtoto. Utakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, nitamlaza mapajani mwako, na hapo hakuna pa kuanguka. Pua yake utaishika kwa vidole vyako, uachane na hadithi za Nuru. Ukipapasa kikombe nitakuona, na hakuna kitakachopungua. Halafu nitarudi nawe huku kwa daktari wa macho, tumsikie atakavyosema. Begi lifungwe tena.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitakuja hivyo hivyo.

Mwanao,
Nasra


Mpapura,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Wifi Nasra,

Shikamoo. Nimesoma yote. Mahali pawili nilitaka kuruka, sikuruka.

Mama alikuwa anamenya muhogo. Nilipofika kwamba sikukaidi, aliniita mwongo, akaendelea kumenya. Nilipofika pale porini, kwamba ulikuwa huutazami uyoga, akaweka kisu chini. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Akasema, "Tena." Mara ya tatu nilikuwa nasema bila kutazama karatasi. Akasema, "Kumbe alikuwa ananitazama mimi," akalia. Sijawahi kumwona Mama analia, na sikujua nikae au nitoke, nikakaa.

Alipomaliza kulia akakasirika. Amesema ukifika utachapwa, na kwamba mtoto nimpokee mimi kwanza ili asiumie. Ninakuambia mapema uje na kanga nzito. Kesho yake akawaita wanawake wale wale waliosikia akinigombeza, akaniomba radhi mbele yao. Nilitamani ardhi inifiche. Kugombezwa kulikuwa rahisi zaidi.

Kikapu kimefika. Nimekitundika pale pale. Amesema ukija tutaingia porini watatu, atatufundisha kwa vidole, na kwamba safari hii yeyote atakayemtazama usoni atafungwa kitambaa.

Juzi mvua imenyesha, ule uyoga umeota tena palepale kwa mbuzi. Nimeung'oa kwa mkono bila kisu. Chini una uvimbe mfupi kama kitunguu, hauna mzizi mrefu ule unaoshuka kwenye kichuguu. Mama ameupapasa mara moja tu, akautupa uwanjani kwa nguvu, mbuzi wakakimbia. Kofia moja niliibakiza, nikailaza usiku kucha juu ya karatasi hii. Doa unaloliona hapo chini ni la makusudi, usinitukane.

Begi limefungwa. Kwa daktari anasema anaogopa, lakini kanga mpya ameiweka juu.

Jambo moja limenishinda, nakuachia wewe. Tangu siku ile ananiuliza, asubuhi na jioni, uso wake mwenyewe siku hizi umekuwaje. Nimemjibu mara ya kwanza kwamba ni mzuri, akasema mimi ni mkwe, nitasema nini kingine. Mara ya pili nikaenda kuchota maji. Leo ameuliza tena, nikamwambia amsubiri Nasra, ndiye anayejua.

Wifi yako,
Nuru